Wasomaji Wauliza: Jua Lililo Nyuma ya Manowari

SWALI: Kwa mwalimu wa safu ya sanaa. Baada ya salamu, naomba nikueleze jambo linalonitatiza. Nafanya kazi katika duka la kubadilishia fedha za kigeni hapa Mombasa, na noti ya Uingereza ya pauni 20 hupita mikononi mwangu karibu kila siku. Upande wake wa nyuma pana sura ya mchoraji aitwaye Turner, pana merikebu, na pana maneno machache ambayo kwa tafsiri yangu mwenyewe yanasema, "Kwa hiyo nuru ni rangi." Siku moja wateja walikuwa wachache, nikaitafuta picha ya merikebu ile katika simu. Nikaona maji matulivu, jua linatua, na merikebu kubwa yenye weupe inavutwa na chombo kidogo cheusi. Hakuna anayezama wala anayelia, lakini niliingiwa na huzuni ambayo mpaka leo sijaweza kuieleza. Je, huzuni ile imo katika picha, au ilikuwa yangu mimi? Na yale maneno ya nuru na rangi yana maana gani?
Msomaji wa Majengo

JIBU: Ndugu yangu, umeuliza jambo ambalo nimelifikiri kwa miaka mingi, kwa hiyo niwie radhi nikikujibu kwa urefu. Huzuni imo katika picha. Imetiwa humo kwa makusudi, na mtu aliyejua vizuri alichokuwa akikifanya, na ameitia kwa njia ya nuru zaidi kuliko kwa njia ya kisa. Ila wewe nawe ulikuwa na mlango uliokwisha kufunguliwa, na hilo nitalirudia.

Tuanze na chombo, kiitwacho Temeraire. Hilo ni jina la Kifaransa lenye maana ya mtu jasiri asiyejali hatari, na ilikuwa manowari ya Kiingereza yenye mizinga 98, iliyoshushwa majini mwaka 1798. Sifa zake zilitokana na vita vya Trafalgar vya mwaka 1805, ilipopigana karibu na meli ya jemadari Nelson na kuziteka merikebu mbili za Kifaransa. Miaka 33 baadaye ilikuwa mbao kuukuu tu. Ikauzwa kwa mvunjaji wa meli kwa pauni 5,530, na mwezi wa Septemba 1838 ikavutwa kutoka Sheerness, karibu na mlango wa mto Thames, hadi Rotherhithe katika mji wa London, ili ikavunjwe. Maji unayoyaona, basi, ni ya mto unapokutana na bahari, kama maji ya Tudor au ya Kilindini yalivyo bahari iliyoingia ndani ya nchi. Mwaka uliofuata Joseph Mallord William Turner, mzee wa miaka 64, aliionyesha picha hiyo katika maonyesho ya Royal Academy, chuo cha sanaa cha London.

Sasa linganisha habari hizo na picha, nawe utaona kwamba mchoraji amezivunja karibu moja baada ya moja. Manowari ile ilikuwa imekwisha kuondolewa milingoti kabla ya safari yake ya mwisho, lakini katika picha milingoti yote mitatu imesimama, myembamba na mieupe kama mifupa. Ilivutwa na tagi mbili, kama hizi tunazoziona zikizivuta meli Kilindini, lakini katika picha tagi ni moja. Na kubwa kuliko yote ni jua. Kutoka Sheerness kwenda London chombo huelekea magharibi, kwa hiyo jua la jioni lingalikuwa mbele yake. Turner ameliweka nyuma. Manowari inatujia sisi upande wa kushoto, na jua linazama upande wa kulia, mbali, mahali ambapo chombo kimekwisha kupapita na hakitarudi tena.

Hapo ndipo huzuni yako ilipoanzia. Jua likiwa mbele ya msafiri, jicho letu hulisoma kuwa ndilo aendalo kulifikia, na likiwa nyuma yake, tunalisoma kuwa ndilo aliloliacha. Hukuhitaji kuambiwa hivyo na mtu, kwa sababu jicho lilikwisha kulitambua kabla akili haijauliza. Kisha angalia alivyozigawa rangi. Upande wa jua kuna nyekundu, machungwa na manjano zilizorundikwa kwa rangi nzito, kiasi kwamba mtu akiwa mbele ya picha yenyewe katika National Gallery, London, anaweza kuona jinsi rangi ilivyoinuka juu ya turubai katika miale ya jua. Upande wa manowari kuna weupe uliochanganyika na dhahabu hafifu, umepakwa kwa wepesi, na nyuma yake anga ni ya samawati, na juu yake, katika pembe ya kushoto, kuna mwezi mchanga unaotia ufito wa fedha juu ya maji. Mbele ya weupe huo ameweka tagi nyeusi yenye dohani inayotoa moshi wa rangi ya moto. Jicho hulazimika kuanza kwenye weusi huo, kwa kuwa ndiyo tofauti kali kuliko zote za upande ule, kisha hupanda kwenye weupe wa manowari, kisha huvuka maji matupu mpaka kwenye jua, likarudi tena. Baina ya chombo na jua hakuna kitu chenye uzito. Kuna utupu mkubwa ulioachwa wazi. Mimi naamini kwamba sehemu yenye huzuni kuliko zote katika picha ile ni utupu huo, kuliko hata manowari yenyewe.

Umeuliza maana ya maneno ya kwenye noti. Yametoka katika mhadhara alioutoa Turner mwaka 1818, wakati alipokuwa mwalimu wa elimu ya kina na umbali katika Royal Academy. Ili kuyaelewa, fikiria shida ya kila mchoraji wa bahari. Rangi nyeupe kuliko zote haiwezi kung'aa zaidi ya karatasi safi iliyowekwa mezani, ilhali jua, hata linapotua, hung'aa kuliko karatasi hiyo mara maelfu. Kwa hiyo jua halinakiliki. Mchoraji anayejaribu kulichora jua kwa kuongeza weupe peke yake hupata doa la chokaa. Njia iliyobaki ni kuyashawishi macho ya mtazamaji: kuvipunguza mwangaza vitu vingine vyote, kuliweka joto la manjano kando ya ubaridi wa samawati, na kuiacha tofauti ya rangi ifanye kazi ambayo weupe umeshindwa kuifanya. Wachoraji wengi kabla yake walianza kwa kuipaka turubai rangi ya udongo, wakajenga giza na mwanga kwanza, kisha rangi zikafuata kama nguo juu ya mwili. Turner alizoea kuanza juu ya weupe, hata baadhi ya wakosoaji wakachukizwa na mtindo huo, na rangi zake nyembamba zikapata mwanga kutoka chini yake, kama kioo cha rangi kilichowekwa mbele ya dirisha. Kwake, kivuli chenyewe ni rangi. Ndiyo maana ya kusema kwamba nuru ni rangi.

Alisaidiwa pia na wakati aliozaliwa. Madini ya kromu yaligunduliwa mwishoni mwa karne ya 18, na katika miongo iliyofuata wachoraji wakapata manjano kali ambayo babu zao hawakuwa nayo. Samawati ya kobalti nayo ilipatikana mwanzoni mwa karne ya 19. Turner aliipenda manjano mno, na magazeti ya siku zake yalimdhihaki kwa sababu hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa pwani yetu anapaswa kulijua, la sivyo atazisoma vibaya picha hizi za kaskazini. Sisi tuko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na huku jua hushuka karibu wima. Tangu liguse ukingo wa nchi mpaka lizame lote ni kama dakika mbili, na baada ya dakika 20 hivi utusitusi wenye nuru ya kutosha umekwisha. Watu hawajatawanyika vizuri baada ya sala ya magharibi na giza limeshaingia. London iko nyuzi 51 na nusu kaskazini, na huko jua hushuka kwa mshazari, likitambaa kando ya upeo wa macho. Utusitusi wa Septemba hudumu zaidi ya nusu saa, na wa katikati ya kiangazi huzidi dakika 40. Nuru nayo, ikiwa chini hivyo, husafiri njia ndefu zaidi ndani ya hewa, samawati ikatawanyika njiani na nyekundu ikabaki, na tamasha hilo huendelea muda mrefu kuliko kwetu. Kwa mtu wa Mombasa machweo ni tukio, ni mlango unaofungwa. Kwa Turner yalikuwa hali ambayo mtu aweza kukaa ndani yake, akaifikiri, akaagana na kitu polepole. Picha ya Temeraire imechorwa kwa mwendo huo wa polepole, na nadhani umbali baina ya mwendo huo na wa kwetu ndio uliokufanya uhisi kwamba umezuiwa mahali usipopazoea.

Sasa nirudi kwenye mlango wako. Miaka ile ya 1837 na 1838 haikuwa miepesi hapa kwetu. Utawala wa Wamazrui ulikuwa umekwisha kuangushwa, Mombasa ikawa chini ya Seyyid Said, na mshairi Muyaka bin Haji, ambaye kwa umri alikuwa hirimu ya Turner, alikuwa katika miaka yake ya mwisho. Baadaye zikaja meli za moshi. Kila aliyekaa na wazee wa Bandari ya Kale amesikia habari za majahazi yaliyokuwa yakijaa pale msimu wa kaskazi, yakitoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, mpaka yakapungua, yakawa ya kuhesabika. Huenda na wewe umesikia. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo akiona chombo cha matanga kinavutwa na chombo cha moshi, hahitaji kuijua Trafalgar. Turner mwenyewe alikataa kuiuza picha hiyo maisha yake yote, akairithisha taifa lake, nayo imekuwa mali ya umma tangu mwaka 1856.

SWALI: Mwalimu, nimesoma kwamba Turner huyo huyo aliwahi kufungwa kamba kwenye mlingoti wakati wa dhoruba ili apate kuichora. Ni kweli?
Msomaji wa Likoni

JIBU: Kisa hicho kinahusu picha ya dhoruba ya theluji na meli ya moshi aliyoionyesha mwaka 1842, ambayo sasa iko katika jumba la sanaa la Tate, London. Inasimuliwa kwamba Turner alisema aliwaomba mabaharia wamfunge mlingotini, akakaa humo kwa saa nne. Wataalamu wengi wanakitilia shaka: alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60, na hakuna ushahidi mwingine wa safari hiyo. Mimi sioni kwamba picha inapungukiwa na kitu kwa sababu hiyo. Kilicho muhimu ni kwamba hakuna upeo wa macho ulionyooka ndani yake. Bahari, theluji na moshi vimezungushwa kama maji yanayoingia shimoni, na katikati, nyuma ya mlingoti, pana weupe mmoja mkali. Katika picha ya Temeraire nuru iko mbali nawe na inakuaga; katika hii nuru iko ndani ya kimbunga na inakuvuta. Mkosoaji mmoja aliifananisha na povu la sabuni na chokaa. Aliyewahi kuvuka bahari ya kusi kwa mashua, maji yakimpiga usoni mpaka asijue mbingu iko wapi, atajua kwamba mkosoaji huyo hakuwa baharia.

SWALI: Assalam alaykum, mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kengeleni. Binti yangu alikuja na picha iliyochapishwa ya meli ya watumwa, machweo yamewaka mekundu, na akaniambia, "Mama, tazama inavyopendeza." Nilipoisogelea nikaona mguu wa mtu umetoka majini wenye mnyororo. Sikulala vizuri usiku ule. Je, ni halali jambo baya namna ile lipakwe uzuri namna ile?
Mama wa Kengeleni

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Wewe unaishi mahali penye haki ya kuuliza swali hilo kuliko mahali pengi duniani. Kengeleni imepewa jina lake na kengele ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, na kengele hiyo ilikuwa ikipigwa kuwaonya wakazi hatari inapokaribia. Kwa hiyo sitakujibu kama mtu anayesifu rangi tu.

Picha ni ya Turner pia, ya mwaka 1840, na iko Boston, Marekani. Watu wengi huihusisha na yaliyotokea katika meli ya Zong mwaka 1781, ambapo Waafrika zaidi ya 130 walitoswa baharini wakiwa hai, na baadaye wenye meli wakadai fidia ya bima kama watu wanaodai fidia ya shehena iliyopotea. Shauri lililofika mahakamani lilikuwa la bima. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji.

Tazama tena nuru ilivyopangwa. Jua limewekwa karibu katikati, nalo limepasua anga na maji kwa mstari mweupe unaoshuka kuelekea kwetu. Mawingu na mawimbi ya pande zote mbili ni mekundu, kahawia na zambarau. Meli iko nyuma, upande wa kushoto, ikielekea katika dhoruba, na milingoti yake imetiwa rangi inayokaribia damu. Waliotoswa wako mbele, chini, mahali penye giza, na hawana nuru ila ile inayowapata pembeni. Mtu akiwa mbali huona uzuri peke yake, kama alivyouona binti yako. Nuru ndiyo inayomwita asogee. Anaposogea ndipo anapouona mguu, kisha mikono, kisha minyororo, kisha samaki na ndege walivyokusanyika, na kwa wakati huo ameshakuwa karibu mno, hawezi kusema kwamba hakuona. Naamini kwamba huo ndio uliokuwa mpango wa mchoraji: kama angaliipaka picha nzima rangi ya giza na mauti, wale aliokuwa akiwakusudia, watu wa London waliokuwa wakivaa pamba na kutia sukari ndani ya chai, wangalipita mbele yake wakageuza nyuso.

Hata hivyo, malalamiko yako yana haki, na sitayafunika. Katika picha ile jua lina uso kuliko watu. Meli ina umbo kamili, samaki wana macho, lakini waliouawa wamekuwa mikono na miguu tu, bila hata mmoja ambaye tungeweza kumtambua kuwa ni mama au mtoto wa fulani. Mtu aliyeichora aliihurumia mauti yao, lakini maisha yao hakuyajua. Mkosoaji John Ruskin, aliyeipata kwa zawadi ya baba yake mwaka 1844 na kuisifu kwa maneno makubwa, aliyazungumza zaidi maji na anga, na mwishowe akaiuza kwa kuwa alishindwa kuendelea kuishi nayo. Wewe hukulala usiku mmoja. Naye, pamoja na ustadi wake wote, yalimfika yayo hayo.

Kwa binti yako ningemwambia hivi: asione haya kwamba aliona uzuri kwanza. Aliona kile ambacho mchoraji alikiweka mbele. Mpeleke pale penye kengele, kisha mkae chini muitazame picha pamoja, na safari hii muanzie chini, penye giza, mkiliacha jua mpaka mwisho.

SWALI: Mwalimu, mimi ni kijana wa Mji wa Kale, nachora majahazi kwa rangi za mafuta na kuwauzia watalii. Picha inayonunuliwa sana ni ya jua linalotua baharini. Juzi mzee mmoja mvuvi aliitazama akasema, "Mwanangu, jua hili limepotea njia." Tena mwenyewe naona kwamba bahari yangu imekuwa kama ukuta uliopakwa rangi. Nifanye nini?
Mchoraji kijana

JIBU: Mwanangu, mzee huyo amekupa somo ambalo wengine hulilipia ada. Bahari kuu ya Mombasa iko mashariki. Jua huchomoza baharini na kutua bara. Mtu hawezi kusimama Nyali, Shanzu au Mama Ngina Drive akaliona likizama katika maji ya bahari kuu. Ukitaka machweo juu ya maji hapa kwetu, huna budi kutazama ndani, ng'ambo ya Tudor au ng'ambo ya Port Reitz, na hapo lazima upeo wa macho uwe na mikoko, vilima vya bara au kreni za bandari, si mstari mtupu. Machweo yasiyo na ardhi uliyokuwa ukiyachora umeyaazima katika picha za watu ambao bahari yao iko magharibi. Ni kweli kwamba nimekwisha kumsifu Turner kwa kuligeuza jua. Lakini yeye aliligeuza akijua liko wapi, kwa sababu ya jambo alilotaka kulisema, na hiyo ni tofauti kubwa na kulikosea.

Kuhusu ukuta uliopakwa rangi, jaribu jambo moja. Kuna picha ndogo ya Claude Monet, sentimita 48 kwa 63, aliyoichora Le Havre, Ufaransa, mwaka 1872, ambayo imewekwa katika jumba la makumbusho la Marmottan mjini Paris. Inaonyesha jua likichomoza juu ya bandari yenye ukungu, mashua mbili tatu, dohani na kreni kwa mbali. Ilipoonyeshwa mwaka 1874 mwandishi mmoja aliichukua sehemu ya jina lake, Impression, soleil levant, kulidhihaki kundi zima la wachoraji, na dhihaka hiyo ikawa ndilo jina lao mpaka leo, Impressionists. Itafute katika simu, kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Jua litatoweka, au litabaki kivuli tu. Maana yake ni kwamba Monet hakulifanya jua kuwa jeupe kuliko anga; amelipa mwangaza ule ule wa mawingu yaliyolizunguka, akalitofautisha kwa rangi peke yake, machungwa juu ya kijivu cha samawati. Sehemu ya ubongo inayopima mahali na mwendo wa vitu haisomi rangi, kwa hiyo hailioni vizuri jua hilo. Sehemu inayosoma rangi inaliona sana. Mtazamaji huhisi kwamba jua linapwita, kana kwamba halijatulia mahali pake. Fanya jaribio hilo hilo kwa picha yako. Nadhani utakuta bahari yote, kutoka miguuni mwa mtazamaji hadi upeo wa macho, ina mwangaza mmoja, na ndiyo sababu imesimama kama ukuta badala ya kulala.

Kisha tazama mawimbi ya Ivan Aivazovsky. Alizaliwa mwaka 1817 Feodosia, mji wa bandari wa Crimea, katika familia ya Kiarmenia, na inakadiriwa kwamba alichora picha 6,000 hivi, nyingi zikiwa za bahari. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Wimbi la Tisa, ya mwaka 1850, iliyoko St. Petersburg: ina upana wa zaidi ya mita tatu, na ndani yake watu wachache waliookoka meli kuzama wameng'ang'ania mlingoti uliovunjika, asubuhi, mawimbi yakiwa bado marefu. Picha ile inatia tumaini katikati ya hofu, na chanzo cha tumaini ni kitu kimoja cha kiufundi. Jua liko nyuma ya mawimbi, kwa hiyo nuru hupenya pale juu penye ukingo mwembamba wa wimbi, ikatoka upande wetu ikiwa ya kijani angavu kama chupa. Alikipata kwa kupaka tabaka nyembamba za rangi moja juu ya nyingine. Na alichora kutoka katika kumbukumbu, ndani ya chumba chake cha kazi, akishikilia kwamba mwendo wa wimbi na radi hauwezi kunaswa na brashi papo hapo.

Sasa fikiri wewe uko wapi. Nuru ile ya jua nyuma ya wimbi, ambayo wachoraji wengi wa Ulaya iliwabidi waitafute, wewe unapewa kila asubuhi na pwani inayotazama mashariki. Ukikaa ufukoni saa 12 na nusu asubuhi ukatazama mawimbi yanavyoinuka kwenye mwamba, jua liko nyuma yake, na kabla hayajavunjika utauona ule ukijani ukiwaka kwa muda wa kupepesa jicho. Msimu wa kaskazi hewa huwa kavu na maji huwa safi, nuru hiyo ikawa kali na ya furaha. Msimu wa kusi mawingu hutangulia, maji huchafuka, nuru ikaja kwa vipande kupitia matundu ya mawingu, na bahari ile ile ikawa na hasira. Saa sita mchana ni nuru ya namna nyingine kabisa, hasa mapema Machi na mapema Oktoba jua linapopita utosini: vivuli hutoweka chini ya vyombo, na maji ya ndani ya mwamba huwa feruzi iliyofifia huku ya nje yakiwa samawati nzito. Hii ya mwisho ni ngumu kuichora na wachoraji wachache mno wameijaribu kwa dhati. Ningefurahi ungekuwa mmoja wao.

Kwa kuanzia, uliza wavuvi siku ambayo maji yatakuwa yamejaa alfajiri, nenda Nyali bila brashi na bila simu, ukae kwa saa nzima ukitazama mahali pamoja tu pa mwamba. Kisha rudi nyumbani, upake turubai rangi nyeupe, uache ikauke, na uanze na lile wimbi unalolikumbuka kuliko mengine. Ukiimaliza, mwonyeshe kwanza yule mzee.